Patin ya Masere

Wacha niseme mara moya, mbele haya inirudishe: minye niliiba ku bamasere. Muchana kabisa, jua inawaka, sala mu kinywa. Nilificha bintu chini ya jipe, sketi yangu, nikatoka natembea sawa bata yenye iko karibu kutaga, nikapita mbele ya mulinzi na kumuambia, "Mungu akubariki, baba." Na sikuiba feza. Sikuiba sukari. Niliiba bitambaa yenye ba masista balikuwa banatelezea mu nyumba yabo, juu nilizani ile njo frein ya kinga.

Kinga ni ile yenye benye masomo banaita velo, na bandugu ba ku mashariki banaita baiskeli. Frein ni ile ya kuisimamisha. Unaona sasa: hata kueleza wizi yangu ni kazi.

Nilikuwa nilisha sahau ile maneno. Kiisha, juma yenye ilipita, nilienda kumuangaria mugonjwa, nikaingia mu kulwari moya murefu ya hospitali, ile njia ya kati ya vyumba, yenye balitoka kuipakaa nta. Ile harufu ikanikamata ku pua sawa mukono ya mama. Nikaanza kucheka peke yangu kati ya bagonjwa. Infirmière moya, muuguzi mutoto ya juzi, akaniuliza, "Mama, unatafuta docteur gani?" Na macho yake ilisha jibu: docteur ya kichwa. Njo maana ninaandika. Shiye bantu ya umri yangu tunaanza kuisha, na batoto yetu banafikiri tulizaliwa na makunyanzi.

Tulikuwa tunaikala Panda, mu kambi ya bafanyakazi ba kampani. Baba yangu alikuwa ajusteur mu atelie, karakana ya kampani: muntu ya lima, ile tupa ya chuma, na ya kupima, ya kukwangua chuma mupaka inakubali. Na ku nyumba alipima kila kintu. Alipima mukate. Alipima mulango mbele ya kuifunga. Mama alisema siku nilizaliwa, mbele baba anibebe, alinipima na shubiri ya mukono yake, kiisha akasema, "Bon. Eko ndani ya kipimo." Sijue kama alisha nipima tena kiisha pale. Kama alinipima, hakuniambia matokeo.

Muzungu moya ya atelie, wakati alirudia kwabo, alimuachia baba kinga ya course, ya mashindano, ya zamani. Gidoni yake, usukani, ilipinda chini sawa pembe ya kondoo. Kiti yake ilikuwa nyembamba sawa ulimi ya mbuzi, na kuikala pale ilikuwa azabu, lakini azabu ya heshima. Magurudumu yake ya kwanza ilikuwa ilisha haribika. Baba akatia ingine, ya kinga ya kawaida, kidogo kuliko ile ya mwanzo. Shika ile neno, itaturudilia. Na frein haikukuwa hata moya. Manette ya kufinya na vidole ilikuwa, kamba yake ya chuma ilikuwa, lakini kule chini hakuna kintu. Ulifinya, na kinga iliendelea na mambo yake.

Ile mwaka nilimaliza primaire, na bamasere ba mu mji balinikubali mu masomo yabo ya juu. Masere, ni vile tunaitaka ba masista. Mama alikuwa anafulia nguo kwabo, na minye siku ya posho, jumamosi, nilikuwa namusaidia. Sasa kutoka Panda mupaka kule, mu ile saa ya asubui na kazi yote ya nyumba mbele, na muguu haikuwezekana. Baba alisema, "Na muguu utafika saa benzako banatoka." Akaangaria kinga. "Kama hii kintu inasimama, utaenda. Kama haisimame, utabakia na mama yako mupaka mwaka kesho."

Kwetu Panda, kwa mutoto mwanamuke, mwaka kesho ilikuwa jina ingine ya harusi. Minye nilikuwa na myaka kumi na mbili, na bwana sikukuwa na haja yake. Nilikuwa na haja ya frein.

Ilibakia juma tatu mbele masomo ianze.

Tulienda kwa Muzee Kasongo, fundi ya kinga pembeni ya soko. Alikuwa na sanduku kubwa ya mbao, na alikuwa anasemesha kinga sawa daktari anasemesha mutoto: "Pole, pole, walikufanya nini?" Rafiki yangu Mujinga alitufwata. Mujinga alikuwa mutoto ya nyumba ya pili, na jina yake ni jina ya kwabo ku Kasai, haina mubaya. Lakini mu Swahili unajua inasema nini. Bamwalimu balipenda kumuita mara mbili. Na yeye njo alikuwa na akili kutupita shiye bote.

Muzee Kasongo akafungula sanduku, akatosha frein ya namna tatu, akazipanga ku gunia. Ya kwanza ilikuwa ya bifimbo ya chuma, ile ya kinga ya kubeba makala. Baba akatikisa kichwa: bifimbo haiwezi kufwata gidoni ya kupinda. Ya pili ilikuwa mikono mbili kidogo ya kungaa, ya aluminium, nyepesi, muzuri sawa heleni. Ya tatu ilikuwa mikono ya chuma, mirefu, nyeusi, na kutu ku mabega.

Nikashika ya kungaa. Hata sikuwaza. Nikaiweka ku sikio.

"Hii!"

"Weye unachagula frein ao unachagula bwana?" Muzee Kasongo akaniuliza.

"Kwa bwana angechagula ile ya kutu," Mujinga akasema. "Iko na mikono ya nyani, lakini inatumika."

Baba hakucheka. Akakata kijiti ya bambu, akanipa, akanipa na kisu yake. "Mama," akaniambia, juu minye nilibeba jina ya mama yake, "jicho inapenda, kipimo njo inajua. Tia kijiti pa ile tundu ya juu, pale frein inafungwa. Shusha mupaka ku jante. Si ku mupira, sikia vizuri! Ku jante, ile chuma ya muzunguko. Pale njo frein inapashwa kukamata. Kata alama."

Nikapima, nikakata alama. Kiisha nikatia kijiti ku mikono ya kungaa, kutoka tundu mupaka pale kunaingia patin, vile bipande ya kukandamiza jante. Haikufika. Ilibakia upana ya kidole yangu. Nikageuza kijiti, nikaanza upande ya pili, sawa kijiti itaniurumia. Haikufika tena.

"Sasa ukifunga hii, itakamata nini?" baba akauliza.

"Mupira."

"Na kiisha?"

"Mupira itapasuka."

"Na kiisha?"

"Na kiisha minye."

"Muzungu alikuwa na magurudumu mukubwa," baba akasema. "Ile frein ya kungaa ilikuwa ya kumufaa yeye. Shiye tulitia kidogo. Jante yetu iko mbali, inaomba mukono murefu."

Nikapima mikono ya nyani. Alama ilianguka katikati kabisa. Nakuambia ukweli, niliumia mu roho. Lakini nikasema na kinywa yangu, "Ya kutu, baba," na baba akanipiga kofi kidogo ku kisogo, ile kofi yake ya kusema asante. Nilitembea mupaka ku nyumba sawa muntu yenye balimupa cheo.

Ile kutu nilisugula siku tatu na muchanga na mafuta. Kesho yake baba akiwa ku kazi, nikapeleka kinga kwa Muzee Kasongo, akafunga mikono, akavuta kamba. Akapangusa vidole, akaniambia, "Sasa inabakia patin tu. Minye sina. Ukipata patin, leta, tutamaliza leo."

Patin? Lakini minye nilijua kwenye iko!

Mu nyumba ya bamasere, chini kulikuwa inangaa mupaka ulikuwa unaona meno yako. Juu ya kutoharibisha nta, pa mulango balikuwa banaweka bitambaa ya feutre, ya sufi, minene, mbili mbili, ya kukanyangia. Hauinue muguu, unateleza. Na jina yake, bamasere benyewe balikuwa banaita: patin. "Patin, mutoto! Kamata patin!" Kila siku ya posho nilisikia ile neno.

Sasa sikia akili ya mutoto. Masere Mukubwa, mukubwa yabo, alikuwa muzungu ya Flandre, murefu na mupana. Alikuwa anaanzia ku mulango, anajisukuma mara mbili, anateleza kulwari yote, wuuuu, na kusimama kabisa mbele ya sanamu ya Bikira, bila kuigusa. Kila siku. Hakukosa hata mara moya. Minye nilikuwa nilisha waza juu ya ile mambo muda mingi. Kintu yenye inaweza kusimamisha Masere Mukubwa, itashindwaka kusimamisha kinga?

Njo vile niliiba. Sikuona hata kama ni kuiba. Niliona balikuwa nayo mingi.

Nilifika pa soko nakimbia. Nikatosha patin chini ya jipe, nikaziweka ku gunia ya Muzee Kasongo, moya pembeni ya ingine, muzuri, na harufu yote ya nta. "Mupya kabisa," nikasema. Mwivi yote anasifu mali.

Muzee Kasongo aliangaria patin. Akaniangaria minye. Akavula kofia. "Hii," akauliza pole pole, "ni ya kinga ya padri?"

Mujinga, yenye alikuwa pale, alisha jua. Alianguka chini. Alicheka mupaka mama ya kuuzisha mihogo akauliza kama ni kifafa. Bantu bakafika, moya akavaa patin akacheza nazo mu mavumbi, ingine akaita, "Njooni muone frein ya sakramenti!" Na kati ya ile kicheko yote nikaona buti mbili za kazi, na juu ya buti, baba. Alitoka ku atelie.

Hakupandisha sauti. Ingekuwa bora apandishe. Aliokota patin, akapangusa mavumbi, akauliza tu, "Ni ya nani?" Nikamuambia. Njo pale nilielewa: mama alikuwa na kazi kule, minye nilikuwa nangojea kiti ya masomo kule, na yote mbili nilikuwa nilisha itia chini ya jipe.

Mama alilia kwanza, kiisha akafunga samaki ya kukauka, ya kutoka Mwadingusha, yenye kaka yake alileta. "Kwa kuomba musamaha hauende na mikono mitupu." Tukaenda watatu: baba mbele na kinga, juu alisema mwivi aonyeshe sababu yake, minye katikati na patin ku kifua sawa muntu anabeba maiti, mama nyuma na samaki.

Masere Mukubwa alitupokea ku mulango. Nikapiga magoti. Nikasema yote: mikono ya nyani, kijiti, neno ya Muzee Kasongo, na vile yeye anasimamaka mbele ya Bikira. Pale pa Bikira, mashavu yake ikaanza kutetemeka. Nilizani ni hasira. Nikaweka kichwa chini.

"Mutoto," akasema, na ile Swahili yake ya kukwama ku koo. "Jante yako ni aluminium ao chuma?"

Nikainua kichwa. Baba pia.

"Chuma, Masere."

"Inangaa?"

"Inangaa."

Akatupita, akashuka ngazi, akapiga magoti ye mwenyewe mbele ya kinga, nguo yake nyeupe mu vumbi. Akafinya manette. Akapima mikono na vidole. "Nani alichagula hii?"

"Minye," nikasema, nikangojea nitukanwe.

"Ulichagula vizuri. Bengine bangechagula ya kungaa." Nikamuona mama ananiangaria sawa minye mugeni. Masere akamugeukia baba. "Kwetu Flandre, muzee, hata askofu anajua kinga. Baba yangu alikuwa anatengeneza. Sikia: jante ya chuma ya kungaa, wakati ya mvua, patin ya mupira inateleza. Kabisa. Sawa minye mu kulwari. Juu ya mupira, ubandike ngozi. Ngozi yenye maji inakamata."

Na baba yangu, ule muntu ya kunyamaza, akaanza kusema! Ngozi ya unene gani? Ya upande ya manyoya ao ya ndani? Ya kushona ao ya kupigilia? Balisemezana mupaka mama akachoka kubeba samaki, akaiweka chini. Masere akaingia ndani, akarudia na mukoba ya masomo ya zamani, ya ngozi minene, yenye kupasuka. Akanipa. "Hii ni ya frein. Na juu ya wizi, siku tatu ya posho utangalisha kulwari yote. Na patin hizi hizi."

Nilingalisha. Nilisimama pia mbele ya Bikira, mara nyingi, lakini minye nilikuwa nagonga.

Baba alikata bipande ine ya mupira ya zamani ya camion, ya lori, akachonga na lima. Ku bipande mbili akapigilia ngozi ya ule mukoba, mbili ingine akaacha vile. Akanifungia kwanza ya mupira mitupu, akamwanga maji ku jante, akainua gurudumu, akazungusha. "Finya." Nikafinya na nguvu yote. Gurudumu ikaendelea, inalia kidogo tu. Kiisha akatia ya ngozi, akamwanga maji tena. Nikafinya: kap! Ikasimama. Akaniangaria. "Gani?" Hakusema gani njo muzuri. Aliuliza, sawa anauliza mwenzake wa atelie. "Ya ngozi," nikasema, na sauti yangu ilikuwa nene kuliko umri.

Siku ya mwisho mbele ya masomo, mvua ilianguka, mapema, sawa baliilipa. Nilizani baba ataniambia tungoje. Akavaa buti, akasema, "Kama frein inaogopa mvua, haina faida."

Nyuma ya kambi kulikuwa njia ya udongo mwekundu inashuka mupaka ku mufereji. Baba akanipeleka juu kabisa na kinga, kiisha yeye akashuka. Kule chini akasimama katikati ya njia, mikono nyuma. Mujinga alisimama pembeni yake. Nikaita, "Baba, mustari ya kusimamia iko wapi?"

"Minye njo mustari!"

"Na kama haisimame?"

"Basi weye hauende ku masomo, na minye siende ku kazi!"

Nilishuka. Mvua ilinipiga mu macho, matope ilinirukia mu kinywa, juu kinywa ilikuwa wazi, juu nilikuwa nalia. Sikuona baba. Niliona buti. Zilikuwa kidogo, kiisha zikakuwa buti, kiisha zikakuwa buti mukubwa sana. Nikafinya. Mikono ya nyani ikafunga. Nilisikia ngozi ya Masere inakamata chuma, inalia sawa paka yenye balikanyanga mukia, na kinga ikapunguka, ikapunguka, ikasimama. Gurudumu ya mbele iligusa ncha ya buti ya kuume. Iligusa tu, sawa muntu anapiga hodi.

Baba akainama, akaangaria pale gurudumu na buti zinakutana. "Eko ndani ya kipimo," akasema. Kiisha akageuka, akapanda kuelekea ku nyumba bila kuningojea, na minye nikabakia mu mvua, matope mupaka ku meno, mutoto mukubwa kuliko bote ba Panda.

Na ile kinga nilifika ku masomo, myaka tatu. Darasa sikumaliza, ni kweli, lakini ile si kosa ya frein. Frein ilifanya kazi yake. Minye njo nilikuwa nashindwa kusimamisha kinywa mu darasa. Siku zingine batoto baliniitaka Patin, na nilikuwa naitika. Kijiti ya bambu na alama yake niko nayo mupaka leo. Siku tulimuzika baba, bandugu yangu baligawana bintu yake, na minye nililomba ile tu.

Lakini ile siku ya mvua, wakati tulikuwa tunasukuma kinga kurudia, Mujinga hakucheka hata mara moya. Nikamuambia, "Uliona? Baba hakuogopa hata kidogo. Alijua itasimama."

Mujinga akapangusa maji ku uso.

"Weye ulikuwa unaangaria buti," akaniambia. "Minye nilikuwa namuangaria ku uso. Alikuwa alisha funga macho, dada. Alifunga kabisa, sawa mutoto anangojea sindano. Lakini ile miguu yake, haikusogea."